Pikipiki imelala miaka, tenki limeota kutu: dalili, chanzo na namna ya kulisafisha kutu isirudi

Ukikuta mtu anafufua pikipiki iliyokaa muda mrefu, mara nyingi utamkuta na kabureta mkononi. Kaisafisha, kaifunga, imewaka, furaha, siku mbili mbele inaanza kukohoa, anaifungua tena anaipuliza tena inawaka tena, na mchezo unaendelea hivyo mpaka anaamua kabureta ni mbovu, ananunua nyingine, nayo inaziba. Mimi nimepita huko huko. Kuna pikipiki nilifungua kabureta yake mara tano ndani ya wiki tatu ndo nikapata akili ya kufungua mfuniko wa tenki na kumulika ndani na tochi. Aisee. Kulikuwa kama ndani ya debe lililosahauliwa mvuani, chini kuna matope ya kahawia na kuta zimeota magamba, yani kabureta maskini haikuwa na kosa, ilikuwa inapokea tu kinachoshuka kutoka juu.

Na niseme mapema, kutoa kutu siyo ngumu, hata siki ya jikoni inatoa. Kinachowashinda watu ni ile nusu saa baada ya kumwaga dawa, hapo ndo tenki linapona au linaharibika upya, kwa hiyo hata ukisoma kwa kurukaruka ile sehemu usiiruke.

Inawaka vizuri, inaenda kidogo, inakata. Ukisubiri dakika tano inawaka tena

Hii ndo dalili kubwa. Kabureta ina bakuli dogo chini linalohifadhi petroli, injini inakunywa ya kwenye bakuli huku nyingine ikishuka kutoka kwenye tenki. Kama ule wavu wa koki, kile kijiti cha chujio kinachosimama ndani ya tenki, kimefunikwa na kutu, petroli inashuka tone tone, injini inakunywa haraka kuliko bakuli linavyojaa, inazima. Ukikaa pembeni bakuli linajaa taratibu, unapiga kiki, inawaka kama hakuna kilichotokea.

Ila usikimbilie kulaumu kutu. Tundu la kupumulia la mfuniko likiziba dalili ni hiyo hiyo, petroli inatoka hewa haiingii, inafika mahali tenki linajibana na mafuta hayashuki tena. Kuzitofautisha ni rahisi: ikizima tu, fungua mfuniko pale pale. Ukisikia hewa inaingia fyuu na pikipiki ikawaka na kuendelea bila shida, mgonjwa ni tundu la mfuniko, lizibue na waya mwembamba umemaliza. Kama hakuna kilichobadilika, chomoa mpira wa mafuta upande wa kabureta, uingize kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha, fungua koki. Unatakiwa utoke mkondo mmoja usiokatika. Ukiona unatoka vizuri sekunde kumi hivi halafu unapungua unapungua mpaka yanabaki matone, wavu ndo unaziba hapo hapo unapoangalia, uchafu unavutwa na mafuta unaenda kujipanga juu yake. Pikipiki zenye koki ya vakyumu hazitoi kitu injini ikiwa imezima, hizo peleka kwanza koki kwenye PRI, ile alama inayoruhusu mafuta kushuka hata injini ikiwa imezima, kabla hujatangaza msiba.

Ile chupa usiimwage. Iweke mezani itulie dakika kumi halafu iangalie kwenye mwanga. Vumbi la kahawia likikaa chini, ni kutu. Ukiinamisha ukaona kitu kinateleza chini kama kioo kilichoyeyuka, kina mpaka wake na hakichanganyiki, hayo ni maji, maji ni mazito kuliko petroli kwa hiyo siku zote yanakaa chini, na chini ndo koki ilipo. Na unuse. Petroli nzima ina ule ukali wake unaopanda puani, iliyooza inanuka kama vanishi ya mbao na rangi inakuwa ya chai ya rangi iliyokolea.

Petroli inamwagika yenyewe kwenye kabureta

Unafungua koki, sekunde chache petroli inaanza kutiririka kwenye kale kampira ka chini ka kabureta. Ndani kuna floti, yani kiboya kinachoelea juu ya petroli, na sindano yake, floti ikipanda sindano inaziba njia. Punje moja ya kutu, ndogo kuliko punje ya mchanga, ikikaa kati ya sindano na kiti chake basi njia haizibi tena. Gonga bakuli kidogo na mpini wa bisibisi, mara nyingine punje inaondoka na mvujo unakata, na hapo unakuwa umepata jibu ila hujapata tiba, maana punje nyingine iko njiani. Angalia na oili ya injini kabla hujawasha: ukichomoa kijiti cha kupimia ukasikia harufu ya petroli, au oili imepanda juu ya alama na imekuwa nyepesi kama maji, ujue petroli ilipita mpaka kwenye silinda ikashuka chini. Mwaga hiyo oili. Kuendesha na oili ya namna hiyo ni kuua injini.

Haikai sailensi mpaka uvute choki

Pailoti jeti, kale katundu kanakopitisha petroli injini ikizunguka yenyewe bila resi, imeziba. Tundu lake ni kama unywele, halihitaji kutu nyingi. Unaisafisha inapona, ikirudia ndani ya wiki rudi kwenye tenki.

Pikipiki ya injekta inakosa nguvu

Hapa kutu ni ghali zaidi maana pampu mara nyingi iko ndani ya tenki kabisa, inakunywa matope moja kwa moja. Utasikia pampu inalia kwa sauti nyembamba isiyo ya kawaida ukiwasha swichi, au inawaka lakini ukivuta resi inajikunja. Pampu inatolewa yote kabla ya dawa yoyote kuingia, asidi na pampu havijuani.

Kutu imetoka wapi sasa

Mtu anasema "lakini nililiacha na mafuta". Ndiyo, uliliacha na mafuta nusu, na ile nusu ya juu ndo iliyoliwa. Tenki nusu lina hewa, hewa ina unyevu, mchana linapata joto usiku linapoa, unyevu unakuwa matone kwenye kuta kama unavyoona kwenye glasi ya maji baridi, matone yanateremka yanaenda kulala chini ya petroli, kesho hewa nyingine inaingia kupitia tundu la mfuniko, mchezo unaanza upya, kila siku, miaka. Petroli iliyochanganywa ethanoli inaongeza shida kwa sababu ethanoli inapenda maji, inayashika mpaka inashindwa kuyabeba halafu vyote viwili vinajitenga na kushuka chini kwa pamoja. Ongeza mpira wa mfuniko uliokauka na kupasuka unaoingiza maji kila ikinyesha au pikipiki ikioshwa.

Na kitu kingine ambacho watu hawakifikirii: pikipiki iliyolala kwenye stendi ya pembeni inaegemea kushoto. Maji yote yanakusanyika kona ya chini kushoto. Kwa hiyo ukikagua tenki anzia kona hiyo, pitisha kidole kwa nje chini pale, ukihisi rangi imevimba kama lengelenge ujue kutu imeshatoka upande wa pili.

Pima ukubwa wa ugonjwa kwanza

Mwaga mafuta yote ya zamani kwenye dumu (usiyamwage chini wala kwenye mtaro, na usiyarudishe kwenye chombo chochote chenye injini), mulika na tochi ya betri. Ukiona ukuta una rangi ya chungwa kama umepakwa poda na ukisugua na kidole inatoka, hiyo ni kutu changa, siku moja ya dawa imetosha. Ukiona magamba yanayoinuka kama maganda ya mti, dawa peke yake itakuchosha, utahitaji kukwangua kwanza. Ukiona vishimo vyeusi, vile vya kuingia ncha ya kalamu, hapo jiandae kisaikolojia, inawezekana kabisa kinachozuia mafuta yasivuje saa hizi ni kutu yenyewe, ukiitoa tenki linakuwa chujio. Kugonga kwa nje na fundo la kidole kunasaidia: chuma kizima kinalia, kilicholiwa kinatoa sauti iliyokufa.

Moto, macho na mapafu

Tenki tupu ni hatari kuliko lililojaa. Mvuke wa petroli unashika moto ukiwa asilimia 1.4 mpaka 7.6 hivi ya hewa, na tenki ulilomwaga sasa hivi linaweza kuwa na mchanganyiko huo huo. Kwa hiyo sigara mbali, jiko mbali, fundi wa kuchomelea mbali, kazi ifanyike nje au penye hewa kubwa, na mvuke huu ni mzito kuliko hewa unatambaa chini sakafuni kutafuta cheche, usidhani kwa kuwa husikii harufu usawa wa pua basi umeisha. Vaa glavu na miwani. Asidi usiichanganye kamwe na dawa ya kufulia ya klorini, inatoa gesi ya sumu. Na ukiwa na dawa ndani ya tenki usifunge mfuniko ukakaza, gesi inajijenga ndani inatafuta pa kutokea na itatokea usoni kwako.

Kufungua na kuziba

Toa koki, toa floti ya geji, toa mfuniko. Vyote. Mfuniko na koki nyingi ni za aloi au zimepakwa zinki na asidi inazila kuliko inavyokula kutu, nimewahi kuacha koki mahali pake kwa uvivu, kesho yake ilikuwa na vinyweleo kama sifongo. Matundu yaliyobaki yazibe na vipande vya tyubu ya ndani ya tairi vilivyobanwa na kibati na bolti zile zile za koki, hiyo inashinda plastiki na gundi. Tenki lifunike na nailoni kwa nje na shingo ya mfuniko ipake grisi nzito kuzunguka, tone moja la asidi likikaa juu ya rangi usiku kucha litaacha alama ambayo utaiangalia kila ukipanda pikipiki.

Gundi kwanza, kutu baadaye

Hapa ndo wengi wanaposema "nimeweka siki siku tatu haijafanya kitu". Petroli iliyooza inaacha utando kama vanishi juu ya kutu, unanata, na asidi ya maji haipiti kwenye utando wa mafuta. Jaribu kidole: kikinata, usiweke asidi bado. Weka asetoni au thina kama lita moja, zungusha tenki pande zote, liache saa moja, zungusha tena, mwaga. Itatoka kitu cheusi kama lami nyepesi. Rudia mpaka itoke inayoonyesha. Liache lipumue mpaka harufu iishe kabisa, halafu osha na maji ya moto na sabuni ya vyombo, suuza. Ukimwaga maji ndani na ukaona yanasambaa ukutani badala ya kukusanyika kama matone juu ya nta, ukuta uko tayari.

Magamba yanahitaji mnyororo

Kwa kutu ya magamba tu, ile ya poda ruka hapa. Ingiza mnyororo mwembamba wa chuma, mmoja, mrefu kama mita moja na nusu, weka na maji ya sabuni nusu lita, ziba, funga tenki kwenye blanketi na ulitikise. Utatikisa sana. Geuza upande, tikisa, simamisha, tikisa, na mikono ikichoka mpe mwingine. Mnyororo una faida moja kubwa kuliko nati na kokoto wanazotumia watu: una ncha, unaivuta unatoka wote. Ukitumia nati zihesabu kabla ya kuingiza na zihesabu zikitoka, na ziwe za chuma cha kawaida kinachoshikwa na sumaku, maana nati moja ya chuma kisichoota kutu ikiingia nyuma ya ule mgongo wa katikati ya tenki, sumaku haiishiki, na itakuimbia ndani humo mpaka siku unauza pikipiki.

Dawa gani

Siki ya kawaida ya asilimia 5 inafanya kazi, ni ya upole, ila inataka uvumilivu, saa 24 mpaka 72. Mimi napenda unga wa asidi ya sitriki, gramu 100 kwa kila lita ya maji ya moto, unaweza kuona tofauti ndani ya saa chache na kutu ya wastani ikaisha usiku mmoja. Kitu muhimu kwa zote mbili: jaza tenki mpaka shingoni. Ukijaza nusu, ule mstari wa juu ya maji ndo utaliwa zaidi na juu kutabaki na kutu. Kila saa chache liinamishe kidogo huku na huku, kwa sababu mapovu ya hewa yanakaa kwenye dari na pale dawa haigusi. Usiliache wiki ukidhani ndo litang'aa zaidi, kutu ikiisha asidi inageukia chuma chenyewe.

Asidi ya fosforasi ni nzuri, inaacha utando wa kijivu unaochelewesha kutu kurudi kidogo, fuata kipimo cha kwenye chupa. Asidi ya haidrokloriki, ile kali ya kusafishia vigae, najua kuna mafundi wanaiapia, na kweli ndani ya dakika kumi ukuta umekuwa mweupe, lakini inakula chuma kwa kasi ile ile, mvuke wake unaotesha kutu vifaa vyote vilivyo chumba hicho, na ukimwaga tu tenki linageuka chungwa mbele ya macho yako. Kwa tenki lenye bati jembamba siishauri. Soda ya kola ina asidi ya fosforasi kidogo sana na sukari nyingi, utapata kutu ile ile na tenki linalonata.

Kuna na njia ya umeme, polepole ila haili chuma kizima. Maji kujaza tenki, magadi soda kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita nne, chaja ya betri ya volti 12, waya hasi unashika tenki sehemu yenye chuma tupu, waya chanya unashika nondo ya chuma iliyoning'inizwa katikati ya maji kupitia mdomo wa mfuniko bila kugusa tenki popote. Ukikosea ukageuza nyaya unakula tenki badala ya kutu, kwa hiyo rudia kichwani: hasi tenki, hasi tenki. Nondo isiwe ya stenilesi, inatoa kromiamu yenye sumu ndani ya maji. Gesi inayotoka mle ni haidrojeni, inawaka, ifanyike nje, na zima chaja ukutani kwanza kabla hujagusa waya ili usitoe cheche juu ya mdomo wa tenki. Chaja za kisasa zinazosubiri kuhisi betri hazitawaka mpaka uunganishe betri pembeni. Kila baada ya saa kadhaa toa nondo, ikwangue, rudisha. Udhaifu wa njia hii ni kwamba umeme unasafisha kinachoona nondo, kona zilizojificha zinabaki.

Ile nusu saa

Chuma kilichotoka kwenye asidi kiko uchi. Hakina kutu, hakina mafuta, hakina chochote, kikikutana na maji na hewa kinaota kutu saa hiyo hiyo. Mara ya kwanza mimi nilimwaga siki, nikasuuza vizuri, nikamulika, tenki linapendeza rangi ya kijivu, nikalianika juani nikaenda kupokea simu. Narudi baada ya dakika ishirini hivi, ndani kuna vumbi jembamba la chungwa kila mahali kama vumbi la matofali. Siku mbili za kazi nilizipoteza kwa simu moja.

Kwa hiyo panga kila kitu mezani kabla ya kumwaga asidi, halafu usisimame. Mwaga asidi. Pale pale ingiza maji yenye bikaboneti soda, kama gramu 50 kwa lita, zungusha kila upande, itachemka povu na hiyo ni sawa, acha wazi ipumue. Mwaga, rudia mara moja. Suuza na maji ya moto sana, moto kiasi cha tenki lenyewe kuwa gumu kushika bila glavu, kwa sababu chuma chenye joto kinajikausha chenyewe. Likung'ute lote, ligeuze kila kona, lile bonde la pande mbili za mgongo linapenda kuficha maji. Halafu mimina nusu lita ya spiriti, tikisa sana, mwaga, rudia na nyingine mpya. Spiriti inachukua maji yaliyobaki inaondoka nayo. Baada ya hapo puliza na upepo wa kawaida wa kompresa au pampu kupitia tundu la koki mpaka harufu ya spiriti iishe, na tafadhali usichomeke draya ya nywele wala hita wakati kuna mvuke wa spiriti ndani, hiyo ni bomu. Draya ni ya mtu aliyeruka spiriti na kutegemea maji ya moto peke yake.

Likikauka usilisifie, lipake mafuta. Petroli lita moja na oili ya tu-stroku robo lita, mimina, zungusha mpaka kila ukuta uwe umeloa, mwaga. Kama pikipiki iko tayari, jaza petroli mpya mpaka juu siku hiyo hiyo. Kama bado inasubiri vipuri, mafuta hayo yabaki ukutani na matundu yafungwe.

Nimesafisha lakini...

Bado kuna mabaka ya kahawia. Angalia yako wapi. Yakiwa juu, dawa haikufika, kulikuwa na hewa. Yakiwa chini na yanang'aa, ni ile gundi, rudi kwenye asetoni. Yakiwa kila mahali, dawa imechoka, asidi inaisha nguvu, changanya mpya. Doa lililong'ang'ania kwenye kona ambalo halitoki hata kwa mnyororo wala kwa waya linaweza kubaki, haliendi popote.

Limekuwa jeusi. Usiogope. Utando mweusi baada ya asidi au umeme ni kawaida, mwingi unatoka ukisuuza na kutikisa na mnyororo kidogo, ukibaki kidogo hauna neno.

Chungwa limerudi ndani ya siku moja. Ulichelewa au kuna maji yalibaki. Sitriki tena, saa moja au mbili tu inatosha kwa kutu changa hivi, halafu ile nusu saa ifanye sawasawa.

Linavuja sehemu ambayo halikuwa linavuja. Kutu ndo ilikuwa kizibo, hujaharibu kitu, umegundua. Tundu moja au mawili fundi mzuri analiziba kwa lehemu au kwa shaba, lakini mwambie wazi kwamba lilikuwa la petroli na lioshwe na maji ya moto na sabuni mara kadhaa kabla moto haujakaribia. Matundu yakiwa kama nyota, tafuta tenki lingine.

Vipi kuhusu zile rangi za kupaka ndani? Zinafaa kwa tenki lenye vishimo vingi ambalo bado lina uhai. Kwa tenki zima siweki, kwa sababu rangi ikipakwa juu ya unyevu au juu ya mafuta haishiki, inabanduka vipande vipande kama ngozi ya nyoka, na kipande kimoja kikilala juu ya wavu wa koki umerudi kwenye dalili ya kwanza kabisa, safari hii na uchafu usioyeyuka. Ukiamua kupaka, tenki liwe kavu kavu kabisa, bila ile oili ya tu-stroku, na uliache likauke siku zote zilizoandikwa kwenye kopo hata kama juu linaonekana limeshakauka.

Kabla hujarudisha juu

Wavu wa koki mpya kama umetoboka, oringi ya koki mpya bila mjadala, mpira wa mafuta mpya kwa sababu wa zamani umekakamaa na ndani yake una kutu iliyolala. Mpira wa mfuniko ukipasuka badilisha, la sivyo maji yanarudi kupitia njia ile ile. Katikati ya koki na kabureta weka filta ndogo ya plastiki inayoonyesha, iwe na mshale ukielekea kabureta. Kabureta sasa ndo ifunguliwe, mara moja ya mwisho: bakuli, floti, sindano na kiti chake, jeti zote mbili, kubwa na ile ya pailoti, ziangaliwe kwenye mwanga uone tundu duara, ukizibua tumia upepo au uzi mmoja laini wa waya wa umeme, siyo sindano ya kushonea, inapanua tundu na pikipiki inaanza kula mafuta.

Tenki la kwanza la mafuta tembea nalo karibu na nyumbani. Ile filta itapata rangi kidogo, vumbi lililobaki kwenye kona linashuka na mtikisiko wa barabara, ibadilishe ukimaliza tenki hilo. Ya pili ikibaki nyeupe mpaka tenki la tatu, funika boksi la spana.